Mafua yaliisha wiki ya kwanza, kikohozi kina wiki ya tisa

SWALI

Habari za kazi, wataalamu wa safu hii. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 36 na watoto wawili. Wiki tisa zilizopita nilishikwa na mafua na homa kali, mwili wote unauma, nikalala siku tano. Nyumbani tuliugua wote, wenzangu wakapona ndani ya wiki moja. Kwangu homa iliondoka, kikohozi kikabaki. Ni kikavu, makohozi hayatoki ya maana. Kinaanza nikicheka, nikisoma kwa sauti darasani, nikikaanga pilipili, au wifi yangu akichoma udi sebuleni. Usiku kinaniamsha mara mbili tatu.

Kinachonitisha zaidi ni uchovu. Jumamosi nafua nguo za wiki nzima na najiona mzima kabisa. Jumapili jioni au Jumatatu mwili unakuwa kama nimepigwa, kichwa kizito, koo linauma upya, na ngazi za ghorofa moja tu pale shuleni nazipanda kwa kutweta.

Nimezunguka sana. Zahanati ya kwanza walipima Widal, wakasema nina taifodi, 1:160, nikapewa dawa za siku 7. Ya pili nikachomwa sindano ya deksa, kesho yake wakapima damu: chembe nyeupe 12.8. Wakasema bado kuna bakteria, nikachomwa antibaiotiki siku 5. CRP ilikuwa 7, ESR 38, wingi wa damu 10.4. VVU nimepima, sina. Makohozi hakuna aliyeyapima. Kisha duka la dawa wakanipa prednisoloni, vidonge 6 vya miligramu 5 kila siku kwa siku 5. Nilipata nafuu ya ajabu! Nilipomaliza, siku ya nne kikohozi kikarudi. Dozi hiyo nimeirudia mara mbili. Pampu ya bluu ya kuvuta nilipewa pia, sikuona kazi yake.

Sasa jirani ameniletea mtu anayeuza dawa ya kupandisha kinga, chupa shilingi 85,000. Anasema kinga yangu imeshuka ndiyo maana siponi. Ni kweli imeshuka? Nimeze tena prednisoloni? Na je, nawaambukiza watoto darasani?

Mwalimu T., Tanga

JIBU

Mwalimu, pole sana kwa kuugua, na pole kwa mzunguko wote huo. Tunaanza na swali la kinga kwa sababu mengine yote yanatoka humo. Hakuna kipimo hata kimoja katika barua yako kinachoonyesha kinga iliyoshuka. Dalili zako zinaelekea upande wa pili: kinga ilipanda ulipougua, kama ilivyotakiwa, na mpaka leo haijatulia.

Virusi vya influenza kwa mtu mzima mwenye afya huacha kutoka kwa kawaida ndani ya siku 5 hadi 7. Ili kuvifukuza, mwili huzalisha kwa haraka seli T, ile aina ya chembe nyeupe inayotafuta seli zilizoingiliwa na kirusi na kuziua. Kazi ikiisha, zaidi ya asilimia 90 ya seli hizo hutakiwa kufa zenyewe. Zinazobaki ni za kumbukumbu, na baadhi yake huhamia moja kwa moja kwenye utando wa ndani wa njia za hewa. Kwa watu wengi hayo hupita bila mtu kujua. Kwa wengine huchelewa: seli zinabaki nyingi mno na zinaendelea kumwaga saitokaini, yaani kemikali ambazo chembe za kinga huitana kwazo. Kuta za njia za hewa hubaki zimevimba na zina ute. Hiyo ndiyo inflamesheni. Iwe ulishikwa na influenza, UVIKO-19 au kirusi kingine cha mafua, mwendo wake hufanana.

Utando huo wa ndani una vinyweleo vidogo mno, silia, vinavyosukuma ute kuelekea kooni. Kirusi huviharibu, na kuota kwake upya huchukua wiki kadhaa. Muda wote huo ncha za neva zilizo chini yake ziko karibu wazi, na kwenye ncha hizo kuna kipokezi kiitwacho TRPV1, kile kile kinachohisi ukali wa pilipili na joto. Inflamesheni hukifanya kiwe chepesi kushtuka. Ndiyo maana kikaango ambacho zamani kingekupigisha chafya moja, sasa kinakukohoza mpaka machozi yanakutoka, na kicheko peke yake kinatosha kukianzisha.

Mwaka 2022 watafiti wa Imperial College, London, walichapisha walichokiona kwa watu waliowahi kulazwa kwa UVIKO-19, miezi 3 hadi 6 baada ya kuruhusiwa. Waliosha njia za hewa kwa maji maalumu na kuyapima, wakapima na damu. Katika njia za hewa walikuta protini za seli zinazokufa na utando ulioumia, na wale ambao njia zao za hewa zilifanya kazi vibaya zaidi walikuwa na seli za kuua nyingi zaidi. Protini za damu hazikuonyesha kasoro hiyo. Kwa hiyo CRP yako ya 7, yaani kipimo cha inflamesheni kwenye damu, ambayo imepanda kidogo tu, haikanushi unachokisikia kifuani. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya mwaka, hali ilikuwa imetulia.

Lakini hayo ni maelezo ya kikohozi ambacho sababu nyingine zimeshaondolewa, na kwako bado. Nchini kwetu, kikohozi cha wiki 2 au zaidi hupimwa kifua kikuu kwanza. Wewe una wiki 9, umemeza prednisoloni raundi tatu, na makohozi hayajaguswa. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika barua yako, na si kosa lako. Nenda hospitali ya serikali, omba kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta kifua kikuu kwenye makohozi, hakilipiwi, na uombe na picha ya kifua. Mwenye kikohozi kikavu mara nyingi hupeleka mate, na mate hutoa jibu la "hakuna" lisilo na maana yoyote. Asubuhi kabla ya kula, sukutua kinywa kwa maji matupu, simama nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara tatu, ya tatu ishike kidogo, kisha ikohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Kinachotakiwa ni kitu kizito, angalau mililita 1. Kisipotoka, waambie wazi. Hospitali nyingine huweza kukuvutisha mvuke wa maji ya chumvi ili kitoke.

Turudi kwenye karatasi zako, maana zimesomwa vibaya. Chembe nyeupe 12.8 zilipimwa siku moja baada ya deksa (deksamethasoni, steroidi ya kundi moja na prednisoloni). Dawa hiyo huzibandua chembe nyeupe zilizokuwa zimeshikamana na kuta za mishipa na kuzitia kwenye mkondo wa damu, hivyo namba hupanda hata pasipo na bakteria hata mmoja. Siku tano za sindano zilitokana na namba iliyopandishwa na sindano ya kwanza. Widal 1:160 ya mara moja, kwa mtu anayeishi mahali ambapo taifodi ni ya kawaida, huweza kuwa kingamwili za zamani tu. Uthibitisho wa taifodi ni kuotesha damu maabara. Mwisho wa kawaida wa ESR, kipimo kingine cha inflamesheni, kwa mwanamke hukadiriwa kwa kujumlisha 10 kwenye umri na kugawa kwa 2, kwa hiyo mwisho wako ni 23. Una 38, ndiyo, lakini upungufu wa damu peke yake huipandisha ESR, na wewe una 10.4 wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa kuwa na 12 au zaidi.

Hiyo 10.4 tunashangaa hakuna aliyeishughulikia. Inflamesheni inapoendelea, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa madini ya chuma utumboni na kuyazuia yaliyoko ghalani yasitoke. Mtu anakula vizuri na damu haipandi. Omba kipimo cha feritini, protini inayotunza akiba ya chuma mwilini. Mtu asiye na inflamesheni huhesabiwa kuwa ana upungufu wa chuma feritini ikiwa chini ya 15. Mwenye inflamesheni, chini ya 70, kwa sababu inflamesheni yenyewe huipandisha feritini. Ukiambiwa "30, iko sawa", mwonyeshe daktari na ile CRP. Ukiandikiwa vidonge vya chuma, kimoja kwa siku, au kimoja kwa kuruka siku moja, kinatosha. Kumeza vitatu kwa siku huamsha hepsidini na kukuharibia tumbo bure. Meza saa moja kabla ya chai au saa mbili baada yake, kwani chai ya rangi huzuia chuma kisifyonzwe.

Prednisoloni usirudie. Nafuu uliyopata ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo inapodanganya. Dawa hizi hunyamazisha saitokaini bila kuuliza zimetoka wapi: za mafua yaliyopita, za pumu, na kwa muda hata za kifua kikuu. Chanzo kikiwa ni kifua kikuu, bakteria wanapata nafasi ya kuongezeka huku wewe unajisikia vizuri. Kuna pia mnyoo uitwao strongiloidi, unaoingia kupitia ngozi ya miguu na kukaa tumboni hata miaka mingi bila dalili. Dawa hizi zikimpa mwanya huzaliana na kusambaa mwilini, na anaweza kuua. Dozi moja ya albendazole haimwondoi kwa uhakika, dawa yake ni ivermectin. Wengi walianza kuiamini deksa mwaka 2020, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilipoonyesha kwamba miligramu 6 kwa siku hupunguza vifo vya UVIKO-19. Habari ilifika madukani nusu. Waliofaidika walikuwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Wasioihitaji hawakupata faida. Ulizimeza kwa vipande vya siku tano tano, kwa hiyo umeshaacha na hilo linatosha. Anayezitumia mfululizo zaidi ya wiki 3 asikate ghafla, kwa sababu tezi zake za juu ya figo huwa zimelala, apunguziwe na daktari.

Hata hivyo nafuu ile, pamoja na kuamka usiku, inatufanya tutake upimwe pumu. Mafua makali huweza kuifichua pumu iliyojificha. Kama hospitali ina spirometa, mashine ya kupima nguvu ya pumzi, vizuri. Kama haina, tafuta kipima-pumzi cha mkono: puliza kwa nguvu mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, andika namba kubwa ya kila kipindi, kwa wiki 2. Tuseme asubuhi ni 340 na jioni 400. Tofauti ni 60, wastani 370, hiyo ni asilimia 16. Wastani wa siku zote ukizidi asilimia 10, mpe daktari daftari lako. Hapo ana sababu ya kukuandikia steroidi ya kuvuta, ambayo hupimwa kwa maikrogramu na huenda kwenye njia za hewa zenyewe badala ya kuzunguka mwili mzima. Baada ya kuivuta, sukutua na uteme.

Na pampu ya bluu pengine haikufika ilikotakiwa. Ukiibonyeza mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi hupiga ukuta wa koo na kuishia hapo. Chukua chupa ya maji ya mililita 500, toboa kitakoni tundu linaloshika mdomo wa pampu kwa kubana, ziba pembeni kwa plasta. Ioshe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe, usiifute, kwani kuifuta huleta umeme tuli unaonasa dawa ukutani. Tikisa pampu, ichomeke, weka midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, vuta na kutoa pumzi taratibu mara 5 au 6. Ukitakiwa kuvuta mara mbili, subiri nusu dakika, tikisa tena, rudia. Ikikufungua kifua ndani ya dakika 15, mwambie daktari, hiyo ni dalili nyingine ya pumu.

Njia za hewa zilizovimba zinahitaji kuachwa zitulie. Mwombe wifi yako udi usubiri, au achome ukiwa umetoka na madirisha yafunguliwe kabla hujarudi; nguo zinaweza kunukia asumini kwa muda huu. Dawa ya mbu ya kuchoma iache, chandarua kinatosha. Mkaa upikiwe uani. Maliza kula masaa matatu kabla ya kulala ili tindikali ya tumbo isipande kooni. Asali kijiko kimoja kabla ya kulala hutuliza kikohozi. Kujifukiza hakuzifikii seli T, na mvuke wa moto humwasha yule yule TRPV1, mbali na ajali za sufuria. Kikohozi kikianza kukupanda, funga mdomo, meza mate, shika pumzi kwa sekunde chache, kisha vuta kidogo kidogo kwa pua mpaka hamu ipite. Kila kikohozi kikavu unachokizuia ni mkwaruzo mmoja pungufu kwenye utando unaojaribu kupona. (Wasomaji wengine wenye kikohozi kama hiki wanaotumia enalapril, captopril au lisinopril ya presha: dawa hizo zenyewe hukohoza. Msiache, mwambieni daktari abadilishe.)

Sasa zile Jumatatu zako. Uchovu unaokuja saa 12 hadi siku 3 baada ya kazi, na kurudisha maumivu ya koo, una jina katika tiba: kuzidiwa baada ya kujituma. Mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichapisha vipimo vya misuli ya watu 25 wenye UVIKO-19 ya muda mrefu, waliokatwa kipande kidogo cha msuli kabla na baada ya kuendesha baiskeli ya mazoezi. Baada ya zoezi, misuli ilionyesha majeraha, na mitambo ya nishati ndani ya seli ilifanya kazi vibaya zaidi. Kwa hiyo anayekwambia "jikaze, fanya mazoezi, utazoea" anakuumiza. Ile Jumamosi unayojiona mzima unakopa, na deni linadaiwa Jumatatu. Zigawe nguo katika siku nne. Kaa kwenye kigoda, fua dakika 20, lala chali dakika 20, kusuuza na kukamua akufanyie mwingine. Andika jioni ulichofanya, na kesho na keshokutwa ulivyojisikia. Kiasi ambacho hakikuangushi kwa siku 7 mfululizo ndicho kiasi chako cha sasa. Ongeza kidogo tu kutoka hapo, na ukianguka rudi ulipokuwa.

Ukipata kipima-oksijeni cha kidoleni, pima ukiwa umekaa, kwa kidole kisicho na rangi ya kucha wala piko. Kisha simama na kukaa kwenye kiti mfululizo kwa dakika moja, pima tena. Ikishuka kwa 3 au zaidi, peleka taarifa hospitali. Ikiwa chini ya 92, nenda siku hiyo hiyo. Vifaa hivi huonyesha namba ya juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe, basi 93 usiione ni ya kustarehesha. Damu kwenye makohozi, jasho la usiku la kulowesha shuka, kupungua uzito, kifua kuchoma unapovuta pumzi, au mguu mmoja kuvimba, vyote hivyo havisubiri miadi.

Chupa ya 85,000 usinunue. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na deksamethasoni bila kuandikwa kwenye lebo, na ungerudi pale pale kwa jina jipya. Fedha hizo ni nauli ya hospitali, picha ya kifua na dagaa.

Ukifika miezi 3 tangu siku ya homa na uchovu bado upo, rudi na daftari lako hata kama vipimo vyote ni safi. Hapo ndipo Shirika la Afya Duniani linapoanza kuiita hali ya baada ya UVIKO-19, kama kirusi kilikuwa hicho, na haina haja ya kithibitisho kutoka kwenye damu.

Watoto darasani: mafua ya wiki tisa zilizopita huwaambukizi tena. Kifua kikuu ndicho kinachobaki kuulizwa, kwa hiyo mpaka jibu la makohozi litoke vaa barakoa na madirisha ya pande zote mbili yawe wazi. Likitoka safi, vua. Ila kusoma kwa sauti waachie wao kwa zamu, mstari mmoja mmoja, wewe ukiwa umekaa na chupa ya maji mezani.